Makumbusho ya Wasukuma Bujora, nendeni na wazee wenu

Jumamosi nilimpeleka bibi yangu Bujora pale Kisesa, ni kama kilometa 20 tu toka Mwanza mjini barabara ya Musoma, daladala ya Kisesa alafu boda inakumalizia. Mi hiyo njia nimepita miaka yote naenda Magu sijawahi kuingia, na kwa kweli najuta.

Makumbusho yalianzishwa na Padri David Clement, Mkanada, yakafunguliwa 1968, yaani miaka mitano tu baada ya serikali kufuta utemi, ule utawala wa machifu. Kuna nyumba imejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, ndani ndo ngoma na vifaa vya watemi. Bibi kufika mlangoni akavua kandambili, akainama. Hakuna aliyemwambia. Kuna wageni wakaanza kumrekodi na simu bila hata kumuomba, iliniuma sana, ila kijana anayetembeza watu akawaambia kwa upole washushe simu, akamgeukia bibi, "Mwangaluka mayu," yaani habari za asubuhi mama. Huyo kijana nampa maua yake.

Shuleni mi nilibaki na picha ya mtemi kama mtu wa kutoza watu kodi tu. Kumbe kulikuwa na banang'oma, baraza la wakubwa wa ukoo wa mtemi, ndo wanamchagua, zamani hata kiti hakiendi kwa mtoto wake, kinaenda kwa mtoto wa dada yake, na mvua ikigoma wanaweza kumtoa. Bibi akadakia, njaa ikiingia watu wanakimbilia ghala la mtemi, mtemi mchoyo hakai. Nilisimama pale nawaza hawa wakubwa wetu wa sasa nani anawauliza kuhusu ghala.

Sema bibi hasifii kila kitu, na hapo ndo nilimpenda zaidi. Tulipofika nyumba ya mhunzi kijana akaeleza majembe ya chuma zamani yalitolewa hadi mahari, bibi akanyamaza kidogo, akasema siku yake yeye ng'ombe walihesabiwa uani, yuko ndani nyuma ya mlango anasikia idadi inapanda inashuka, jina la mume hajaambiwa bado. Miaka yote nakaa naye sijawahi kulisikia hilo, limetoka kwa sababu ya jembe moja lenye kutu.

Nawashauri msiende mbiombio, tengeni nusu siku, na mzee wenu mbebeeni kigoda maana kusimama ni kwingi. Wanaopenda ngoma subirini Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mwezi wa sita, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanashindana kucheza mpaka vumbi linapaa. Bibi ni Mgalu, kijana naye akakiri ni Mgika, basi wakaanza kutupiana maneno pale nje, bibi anamwambia nyie Bagika tuliwashinda tangu enzi za babu zenu, hakutaka kuondoka, boda kaita mara tatu.