Tuisheni ya kemia ya Ticha wa Ilazo, miezi saba ya binti yangu

Jamani wazazi wa Dodoma, hasa wenye watoto kidato cha tatu na cha nne, naandika hii ndefu kidogo mnivumilie, maana mwaka jana mi mwenyewe nimezunguka mji mzima natafuta mtu wa kumsaidia binti yangu kemia na kila niliyemuuliza ananijibu tu mpeleke sehemu fulani, ni pazuri. Pazuri kivipi, hasemi. Mi nimempeleka kwa huyu Ticha tangu mwezi wa pili, miezi saba imeisha, kwahiyo naongea nilichokiona.

Jina lake siliweki hapa, mwenyewe hapendi, watoto wote wanamwita Ticha tu na hata sisi wazazi tumezoea hivohivo. Anafundishia nyumbani kwake Ilazo, chumba cha uani, bati juu, meza mbili ndefu na shelfu moja ya chupa imefungwa kwa kufuli. Watoto kumi na wawili basi, wa kumi na tatu hachukui hata umlilie.

Kwanza niseme tulikotoka. Binti alikuwa anaenda tuisheni moja kubwa pale mjini, watoto wamejaa ukumbini mpaka wengine wanaandikia magotini, mwalimu anakuja na pepa za nyuma anaandika swali anaandika jibu, wanakopi wanaondoka. Elfu ishirini kwa mwezi. Mtoto anajua majibu ya praktikali kabla hata hajashika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia! Akarudi na 32 ya kemia, D ya chini kabisa, na ukimuuliza moli, kile kipimo cha kiasi cha kitu kwenye kemia, ni nini anakuimbia maana yake kwa Kiingereza neno kwa neno halafu basi, ukimwambia haya nieleze kwa Kiswahili anakaa kimya. Kile kimya kiliniumiza kuliko ile 32.

Sasa siku ya kwanza kwa Ticha akawaambia kila mtu aje na ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la nyumbani kwao. Si mnajua maji yetu ya Dodoma, ukichemsha chai mwezi mmoja tu birika lina ukuta. Binti akakwangua na kijiko akafunga kwenye karatasi, mi nikajua wanatumwa tu. Kumbe ndo somo lenyewe. Wakapima gramu 5 kwenye mzani, wakamwagia asidi, ikatoa povu, ile hewa wakaipitisha kwa mpira mpaka kwenye maji ya chokaa yakageuka meupe kama maziwa. Na Ticha hakutaja jina la kitu chochote mpaka kila mtoto amesema ameona nini, kwa Kiswahili chake. Halafu ndo akaandika ubaoni kwa Kiingereza, CaCO3, yani kalsiamu kaboneti, akawaambia moli moja yake ni gramu 100, sasa nyie mmepima 5, mna moli ngapi? Yani 0.05. Na hewa iliyotoka, kaboni dayoksaidi, kwa kipimo wanachotumia mashuleni cha lita 22.4 kwa moli, kama ukoko wote ni CaCO3 tupu inakuja lita 1.12, akanyanyua chupa ya maji ya lita moja akawaambia hii imejaa na kidogo imezidi. Jioni binti ananielezea mi nasonga ugali, ananielezea mwenyewe sijamuuliza, kwa Kiswahili, na nimemuelewa mi ambaye kemia niliiacha kidato cha pili.

Hilo la lugha nalisisitiza. Watoto wetu wanasoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, wanaingia sekondari ghafla kila kitu Kiingereza, na mtihani wa taifa wa NECTA unakuja kwa Kiingereza. Ticha anawaacha wafikiri kwa Kiswahili kwanza alafu anawafundisha kuandika jibu la mtihani. Anachukua muda, mada inaenda polepole kuliko shuleni, kuna mzazi mwenzangu alimtoa mwanae kwasababu hiyo. Mi naona muda ule haupotei.

Sasa huyu mtu katokea wapi, maana niliuliza, siwezi kumpa mtu mwanangu bila kujua. Yeye ni mkemia kabisa, kasoma chuo kikuu Dar, akafanya kazi miaka kumi na nne maabara ya mgodi wa dhahabu kule kanda ya ziwa. Kazi yao ilikuwa kupima mawe yana dhahabu kiasi gani, wanasaga, wanapima kama gramu 30 au 50, wanayeyusha na unga wenye madini ya risasi kwenye tanuri nyuzi zaidi ya 1000, risasi inaikusanya dhahabu, halafu wanaitoa ile risasi kinabaki kipunje unaweza usikione. Anasema jiwe la gramu 2 kwa tani nzima kule ni mali, kwahiyo ukikosea kidogo tu jiwe zuri linaenda kutupwa au jiwe bure linaenda kusagwa kwa gharama.

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma 2016 na miaka ya mbele yake, mkewe ambaye ni mtumishi akahamishiwa huku na watoto. Yeye akawa anakaa mgodini wiki kadhaa anakuja nyumbani siku chache, mtoto wake wa mwisho akafika mahali anamuamkia kama mgeni. Akaacha kazi. Kahangaika kutafuta ajira hapa, ikagoma, siku moja mtoto wa jirani akaja na daftari, akamsaidia chini ya mwarobaini, wakaja wawili, wakawa tisa. Na hapa ndo nilimpenda, maana alinieleza mwenyewe kwamba wale tisa walibaki watatu. Alikuwa anaongea kama anaongea na wakemia wenzake, watoto wanaitikia ndio Ticha ndio Ticha na hawajaelewa kitu. Akaniambia, "Mama, nilijua kemia, kufundisha nilikuwa sijui, na ni kazi mbili tofauti." Akaenda kujitolea shule moja ya kata isiyokuwa na mwalimu wa kemia, na akasoma stashahada ya uzamili ya ualimu Chuo Kikuu Huria. Leo ukimuuliza yeye ni nani anakwambia mwalimu.

Kilichonifanya nikae chini kuandika ni kitu kilichotokea mwezi wa tano kwenye taitresheni, ile praktikali ya kudondosha asidi kwenye besi mpaka rangi igeuke. Binti anaweka asidi kwenye bureti, chini kuna besi na methili oranji, ile dawa ya kuonyesha rangi, njano inageuka rangi ya chungwa, anasoma mililita 23.90. Anarudia, 23.90. Anachungulia kwa mwenzie ana 24.50, na yule wa pili 24.50. Akafuta yake akaandika 24.50. Ticha akapita, akaangalia lile karatasi palipofutwa, hakugomba, akamuuliza tu, "Jicho lako lilikuwa usawa wa mstari?" Akasema ndio. "Ulirudia?" Ndio. "Sasa umefuta kwanini?" Mtoto hana jibu. Basi akawaambia wote, chupa zenu sio moja. Ile chupa ya binti asidi yake alikuwa ameiongeza ukali kidogo makusudi, kwahiyo 23.90 ndo ilikuwa sahihi kabisa, na kaifuta.

Akawaeleza kwamba kule mgodini ndo walikuwa wanafanyiwa hivohivo, katikati ya sampuli za kweli wanachomekewa nyingine ambazo jibu lake linajulikana na nyingine ambazo hazina dhahabu kabisa, hujui ipi ni ipi, kwahiyo ukipika namba unaonekana hapohapo. Binti alirudi nyumbani hana raha, akaniambia, "Mama, niliipata mwenyewe nikaifuta." Nimelea watoto watatu, huyu alikuwa anaogopa kuwa tofauti na wenzie tangu mdogo, kwenye kila kitu. Siku hizi kwenye daftari lake ukikuta namba imekaa vibaya hajaifuta, kaandika pembeni anadhani kwanini imetoka hivyo. Mwalimu wake wa shule aliwahi kuniuliza kabadilishwa na nani.

Halafu kuna Jumamosi ya mwisho ya mwezi, hiyo hatozi hela. Anaalika mtu mmoja, mara fundi sanifu wa maabara ya maji, mara mjiolojia, mara mfamasia, anawaambia watoto Jumatatu saa mbili asubuhi anafanya nini hasa. Hawaongelei mafanikio, wanaongelea kazi. Watoto wetu kwenye kombi za kidato cha tano wanajua PCB (fizikia, kemia, baiolojia) ni udaktari na PCM (fizikia, kemia, hesabu) ni uinjinia basi, na hapahapa Dodoma kuna Taasisi ya Jiolojia, kuna Chuo cha Madini, kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, wanafundisha kemia, na visima vya Makutupora vinavyolisha mji huu lazima kuna mtu anapima yale maji. Mi nilikuwa nataka daktari, sifichi. Ticha akaniita, akaniambia, "Dada yangu, huyu anapenda kupima, damu haitaki, muulize mwenyewe." Nikamuuliza. Nilinyamaza siku mbili lakini nimekubali, achague kombi yake, na kama ni stashahada ya maabara baada ya kidato cha nne nayo ni njia.

Yasiyonifurahisha nayo niyaseme. Bei, elfu sitini kwa mwezi kwa siku mbili za wiki, na elfu kumi ya kemikali pembeni, kwa mama wa cherehani kama mimi hiyo inauma na kuna mwezi nimelipa vipande vipande, alikubali bila maneno. Chumba kile jua likiwaka ni tanuri, feni moja na umeme ukikatika ndo basi. Ni kemia peke yake, fizikia atakwambia tafuta mwingine. Saa tisa na dakika tano geti limefungwa, hata kama bajaji imeharibika njiani. Na ukimtumia ujumbe mchana anajibu usiku wa manane. Siku moja asidi ilimrukia binti kwenye sketi ikatoboka tundu dogo. Alinipigia yeye kabla mtoto hajafika nyumbani, akaeleza kosa lilikuwa lake hakuwakagua, na tangu siku hiyo hakuna anayegusa chupa bila koti na miwani. Nilikasirika, halafu nikatulia.

Matokeo, maana najua ndo mnasubiri. Kutoka 32, mtihani wa katikati ya mwaka kapata 58. Ni C, sio A, asije mtu akadhani ni miujiza. Mzazi anayetaka A ya haraka mwezi mmoja kabla ya mtihani asiende, Ticha mwenyewe atamrudisha, hachukui watu wa dakika za mwisho.

Nampa nyota nne. Ya tano ni ile feni na bei. Nafasi za Januari anaanza kuandikisha Desemba, mzazi uende na mtoto wote wawili, atamuuliza mtoto na sio wewe, na mwambie asisahau kukwangua birika.