Kihisi cha Tangi la Maji: Kagua Ufunguo Kabla ya Bei

Mwaka jana nilinunua vihisi vinne vya LoRaWAN (mtandao wa redio wa masafa marefu kwa vifaa vya betri) vya kupima kina cha maji kwenye matangi, na nilipofungua kijitabu cha maelezo nikakuta ufunguo mmoja wa herufi na tarakimu 32 umechapishwa kwa ajili ya vyote vinne, na kwa kila mteja mwingine aliyepata kijitabu hicho. Habari za umbali wa mawimbi na uhai wa betri nawaachia wengine. Mimi nakagua ufunguo kwanza.

LoRaWAN hulinda taarifa kwa AES ya biti 128, njia ya kuficha data kwa ufunguo wa siri, na kufuli hilo ni imara. Hata hivyo, mtu mwenye AppKey yako, yaani ule ufunguo wa herufi na tarakimu 32, akinasa mawimbi wakati kihisi kinajiunga na mtandao, anaweza kukokotoa funguo za kikao (za muda, zinazofunga ujumbe baada ya kifaa kujiunga), akasoma vipimo vyako na hata kutuma vya uongo. Tangi tupu litasomeka limejaa, na pampu haitawaka.

Kwa hiyo naiweka LDDS75 ya Dragino nafasi ya kwanza, wala sifichi kwamba naipendelea kampuni hiyo: kila kifaa huja na ufunguo wake kwenye kibandiko, na ukikiunganisha na kompyuta kwa waya unaubadilisha kwa amri ya AT+APPKEY. Ya pili ni EM500-UDL ya Milesight, ambayo hupangwa kwa kugusisha simu yenye NFC; badilisha ufunguo na nenosiri siku hiyo hiyo. Bei yake ndiyo iliyoishusha.

Vya bei ya chini vinavyokubali ABP pekee, yaani vinavyotumia funguo za kikao zilizowekwa tayari bila hatua ya kujiunga, siviorodheshi. Funguo zake hazibadiliki miaka yote, na betri ikitolewa hesabu ya ujumbe (namba inayopanda kwa kila ujumbe unaotumwa) ikaanza upya, mafundi wengi huzima ukaguzi wa hesabu kwenye seva ili kifaa kirudi hewani. Hapo ujumbe ulionaswa jana hurushwa tena leo ukapokelewa kama mpya.

Wauzaji nao wanatuumiza. Mmoja alipiga picha kihisi nilichoagiza, kibandiko kikisomeka chote, akaiweka kwenye status ya WhatsApp. Nilipomsihi aifute, alijibu kwamba hizo ni namba za kiwandani tu. Mwingine alibandua kibandiko, kisha akanitoza ada ya usajili ili anipe ufunguo wa kifaa nilichokwisha kukilipia. Vyote viwili nilivibadilishia ufunguo mezani, kabla ya kuvipandisha juu ya tangi.