Kuwafuata ndege ama kungoja maji yajae?

Wapiga picha za ndege huku Mombasa wako aina mbili. Kuna wa kufuata, huyu utamuona Tudor Creek maji yakipwa, kavaa gambuti na lenzi yake ndefu, anawaandama vitwitwi, hawa ndege wadogo wa ufuoni, matopeni, kila akisogea kundi zima linaruka linatua mbele na yeye anasogea tena. Picha anapata sikatai, lakini nyingi ni migongo tu, na hao vitwitwi wengi ni wageni, wengine watoka Siberia huko, ikifika Machi Aprili watakiwa wanenepe kwa safari ya kurudi, sasa ukiwarusha ovyo unawamalizia mafuta na wakati wa kula wenyewe mchache, maji yakijaa basi tena.

Wa kungoja anaangalia maji kwanza. Anakaa chini mapema, kimya, halafu bahari yenyewe inawasogeza mpaka alipo. Ubaya ni mbu, na siku nyingine hawaji kabisa. Mimi niko upande huu.

Ila kwenye kiota usikaribie hata kwa kungoja, ukimrusha mama mwenye kiota, kunguru wetu hawa hawana subira, mayai yashaliwa.