Apple TV: vitu vichache ila vimetulia

Huu ni mwezi wa tatu naangalia Apple TV, huduma ya strimingi ya Apple, yaani filamu na tamthilia kwa mtandao, na jamani, hawa watu wanatoa vitu vichache lakini vina mkono wa fundi. Juzi usiku nimezima taa naangalia tamthilia yao ya Severance, zile korido nyeupe ndefu zisizoisha, picha safi mpaka unaona nyuzi za koti la jamaa, hakuna bomu wala anayekimbizwa ila moyo unadunda tu. Netflix mwisho wa 2024 walikuwa wameshavuka wateja milioni 300, kule kila mtu ana chake, mapenzi, ngumi, katuni, na siwadharau maana nyumba yenye watu sita inataka hivyo, ila mi vingi navisahau kabla sijamaliza kuosha vyombo. Apple huduma hii wameianza Novemba 2019 tu, na 2022 filamu yao CODA ikabeba Oscar ya filamu bora, huduma ya kwanza ya strimingi kuipata! Bei ndo inauma, Marekani ilianza dola 4.99 kwa mwezi, Agosti 2025 ikafika 12.99. Aifoni si lazima, tangu Februari 2025 app yao ipo hata kwenye simu za Android.