Vijiti vya Cuisenaire vya zamani: vipime kwanza, ndipo umpe mtoto

Karibuni watazamaji. Mezani leo pana vijiti vya Cuisenaire, vile vya zamani vya mbao, vya rangi mbalimbali, vya kumfundishia mtoto hesabu. Aliyevibuni ni Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji. Kitabu chake kilitoka 1952, na Caleb Gattegno, mtaalamu wa kufundisha hisabati, akavieneza nchi nyingi.

Tazameni: cheupe ni sentimita 1 kila upande. Chekundu 2, kijani hafifu 3, zambarau 4, njano 5, kijani kilichokolea 6, cheusi 7, kahawia 8, bluu 9, chungwa 10. Havina alama za kuhesabia, na ndio uzuri wake: mtoto anaiona saba ikiwa kitu kimoja kizima, haanzi moja, mbili, tatu kila mara. Ukikuta sanduku ambalo mtu ameandika tarakimu juu ya vijiti, liache. Mtoto atasoma maandishi, urefu hataushughulikia.

Sasa, kipimo cha kwanza. Panga vyeupe kumi kando ya kijiti kimoja cha chungwa. Vikipungua, vimelika. Kila kimoja kikipungua nusu milimita tu, mstari mzima unapungua nusu sentimita, na mtoto atakuambia, kwa haki kabisa, kwamba kumi si kumi.

Vikizidi, shuku unyevu. Mbao huvimba zaidi kwa upana kuliko kwa kufuata nyuzi zake, kwa hiyo kijiti kirefu hubaki na urefu wake huku kikinenepa. Hilo huonekana kwenye kuzidisha. Laza vya kahawia saba ubavu kwa ubavu, kisha vifunike kwa vyeusi vinane vilivyokatisha. Saba mara nane, nane mara saba, mstatili uleule. Vilivyovimba havifunikani, na somo zuri kuliko yote humu linapotea.

Kusafisha: kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Usiviloweke. Rangi ikibanduka, usimpe mtoto kabisa, maana rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vijiti huishia mdomoni. Vyeupe hukaba koo, kwa hiyo aliye chini ya miaka 3 asiachiwe.

Seti ndogo inayojulikana ina vijiti 74, vyeupe vikiwa 22. Hesabu vyeupe kabla ya kulipa, ndivyo hupotea kwanza. Usijazie kwa vijiti vya seti nyingine bila kuvipima, kwani si kila mtengenezaji alifuata sentimita.

Udhaifu upo. Sifuri haina kijiti. Mia unaijenga kwa vya chungwa kumi, lakini elfu inakushinda. Hapo tafuta vitalu vya Dienes, vile vya moja, kumi, mia na elfu. Ila kwa jozi za kumi sijaona kinachovizidi: weka cha chungwa, mwambie mtoto atengeneze treni za behewa mbili, yaani vijiti viwili mwisho kwa mwisho, zenye urefu huohuo. Akishazipata zote, ficha behewa moja umuulize ni rangi gani. Tarakimu zingoje mpaka ajibu bila kupapasa.