Dagaa wangu wote wakageuka wekundu

Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu masika ya mwaka juzi, nikijiambia litapita. Halijapita. Juzi mdogo wangu ameniuliza kama yale mafunzo ya ontolojia niliyoyalipia yana faida, maana na yeye anataka kujiandikisha, nikajikuta mikono inatetemeka. Kwa hiyo naandika, na atakayeniona nina hasira ameona sawa.

Kwanza niseme nilikuwa natafuta nini. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, Mwanza, tangu mimi sijaanza shule. Daftari la bei la kikundi chao ninalitunza mimi, na siku hizi liko kwenye kompyuta. Shida ya daftari lile ni neno moja tu: dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea, wa jamii ya karpi. Dagaa wa Kigoma ni mwingine kabisa, Stolothrissa tanganicae, ndugu wa sardini, mwenyeji wa Ziwa Tanganyika. Ukienda Unguja ukaagiza dagaa mcheli unaletewa samaki wa baharini, wa aina za Stolephorus. Samaki watatu, jina moja. Halafu huyo huyo wa Victoria, Mkenya anamwita omena, Mganda anamwita mukene. Samaki mmoja, majina matatu. Bei za wote hao zilikuwa zinalala kwenye safu moja ya jedwali langu, na wastani niliokuwa nawapelekea akina mama kila Jumatatu ulikuwa uongo. Na kwa wastani ule kuna mama anayekopa hela ya gunia.

Ndipo nikaambiwa kuna elimu ya kutatua hili, ndiyo hiyo ontolojia. Unaieleza kompyuta vitu vilivyopo, uhusiano wao, nini kinaingia ndani ya nini na nini hakiwezi kuingia, kisha kompyuta yenyewe inapima kama maelezo yako yanasimama au yanagongana. Madaktari wanafanya hivyo kwa majina ya magonjwa, wanabiolojia kwa kazi za jeni. Nikasema na sisi wa dagaa tunastahili.

Nililipa laki mbili na nusu kwa Jumamosi nne za mtandaoni. Sitaitaja taasisi.

Jumamosi ya kwanza na nusu ya pili tulisomewa historia. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, na ndoto yake ya mwaka 2001 ya Wavuti wa Kisemantiki, yaani wavuti ambao kompyuta nazo zingeelewa maana ya kilichoandikwa; OWL, lugha ya kuandikia ontolojia, kupitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2004; OWL 2 kufuata mwaka 2009. Yote ni kweli, na yote yangetosha dakika kumi. Kisha tukafungua Protégé, programu ya kutengenezea ontolojia ya Chuo Kikuu cha Stanford ambayo haiuzwi, unaipakua tu, tukaanza kutengeneza pizza. Pizza ya jibini, pizza ya uyoga, pizza isiyo na nyama. Sina ugomvi na pizza. Mfano huo unatoka kwenye mwongozo ulioandikwa Chuo Kikuu cha Manchester, na dunia nzima wanaoanza wanaanzia hapo. Ugomvi wangu ni kwamba mwongozo ule hautozwi hata senti, na mwalimu wetu alikuwa anatusomea kurasa zake mstari kwa mstari kana kwamba kauandika yeye. Hilo nililigundua baadaye, nikiwa nimeshalipa.

Mwisho wa Jumamosi ya pili tukapewa kazi ya nyumbani: kila mtu alete ontolojia ya jambo analolijua. Nilifanya kazi ile wiki nzima, usiku, watoto wakishalala. Niliandika kundi la samaki wa maji baridi na kundi la samaki wa baharini, nikatangaza kwamba makundi haya mawili hayaingiliani. Nikaandika karabai, giza la mwezi, nyavu, chanja, mchanga. Nikampigia mama simu mara tatu kumuuliza mambo niliyodhani nayajua. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata kwenye kompyuta tangu nizaliwe, kwa sababu kwa mara ya kwanza kitu anachokijua mama yangu kilikuwa kinaandikwa kwa lugha ambayo mashine inaiheshimu.

Kundi lenyewe la Dagaa niliweka wapi? Niliweka chini ya yote mawili, maji baridi na baharini. Mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa au wa pwani angeweka hivyo. Dagaa wapo ziwani na wapo baharini, tunasema hivyo kila siku na hakuna anayebisha.

Jumamosi ya tatu zamu yangu ikafika. Nikaonyesha skrini yangu kwa wenzangu zaidi ya ishirini, nikaelezea, nikawasha rizona, yaani ile sehemu inayopima mantiki, HermiT inaitwa. Ikazunguka kidogo. Halafu Dagaa akageuka mwekundu. Chini yake wa Victoria akageuka mwekundu, wa Kigoma, dagaa mcheli, wote. Wakahamishwa kwenda kukaa chini ya kitu kinachoitwa owl:Nothing, maana yake Hakuna Kitu.

Nikauliza kwa adabu. "Mwalimu, samahani, mbona wote wamekuwa wekundu?"

Akacheka. "Kwa sababu dagaa wako hawapo, dada. Mashine imesema hawapo duniani."

Wenzangu wakacheka naye. Nikauliza tena, "Nimekosea wapi?"

"Dada, hapa tunafundisha mantiki. Habari za sokoni ziache sokoni." Akazima maikrofoni yangu, akamwita mwingine.

Nimeandika maneno yale kama alivyoyasema, siongezi. Nilibaki natazama skrini saa nzima bila kusikia kinachosemwa. Mama yangu kanisomesha kwa dagaa hao wasiokuwepo.

Usiku ule ule nilipata jibu peke yangu, na nitalieleza hapa ili mwingine asidhalilishwe kwa ajili yake. Kwenye Protégé, pembeni ya jambo ambalo rizona imelihitimisha, kuna alama ndogo ya kuuliza. Ukiibonyeza unaonyeshwa sababu. Zilitoka sentensi tatu tu: Dagaa ni samaki wa maji baridi. Dagaa ni samaki wa baharini. Hakuna samaki wa maji baridi aliye wa baharini. Basi. Ukizisoma pamoja, kweli, hakuna dagaa hata mmoja anayeweza kuwepo.

Kosa lilikuwa kwenye neno "na". Mimi nikisema dagaa ni wa ziwani na wa baharini, namaanisha wako wengine huku na wengine kule. Msikilizaji Mswahili ananielewa bila kuuliza. OWL inaelewa kwamba kila dagaa, mmoja mmoja, ni wa ziwani na papo hapo huyo huyo ni wa baharini. Ukimweka chini ya makundi mawili umesema "na" ya namna hiyo. Nilichopaswa kuandika ni "au", au kwa usahihi zaidi kumtoa Dagaa pale katikati, kila samaki akae chini ya maji yake, na neno "dagaa" libaki kuwa jina linalobandikwa juu yao. Dakika moja ya maelezo. Sekunde thelathini kwa anayejua kufundisha.

Kwa muda nilitaka kumwonea huruma yule mwalimu. Nilijisemea labda hakuwa na jibu, labda aliogopa kuumbuka mbele ya darasa, watu wakibanwa hucheka. Nikawa tayari kuandika kwamba mafunzo yalikuwa ya wastani. Kisha nikaupakua mwongozo wa Manchester mwenyewe, nikausoma tangu mwanzo. Ndani yake kuna zoezi la makusudi kabisa linalomwambia mwanafunzi atengeneze kitu cha kuweka juu ya pizza ambacho ni jibini na pia ni mboga, huku jibini na mboga zimetangazwa haziingiliani, awashe rizona, akione kinavyogeuka chekundu, aelewe kwa nini. Kosa langu lile lile! Limewekwa pale kama somo, kwa sababu waandishi walijua kila binadamu atalifanya. Mwalimu wetu aliliruka zoezi hilo. Aliyeliruka akamcheka aliyeanguka kwenye shimo lake. Huruma ikaisha.

Sasa, je, ontolojia zenyewe nazipendekeza? Usiku ule ningesema hapana, na ningesema kwa sauti. Nilijiuliza kwa nini nijifunze kunyoosha kiswahili changu ili mashine iridhike. Nilifuta programu. Niliirudisha baada ya wiki mbili tatu, kwa sababu bei za akina mama zilikuwa bado zimechanganyika.

Na hapa lazima niwe mkweli, hasira isinifanye nidanganye. Kitu kilichonirudisha kabisa ni suala la kuanika. Dagaa wa kwenye chanja hawana mchanga, bei yao ni nyingine. Wa chini, mchangani, ni wengine. Nikaandika kundi la DagaaSafi: dagaa anayeanikwa juu ya chanja tu. Kisha nikaandika kwamba dagaa wa kikundi cha mama huanikwa juu ya chanja. Nikawasha rizona nikitegemea waingie wenyewe kwenye DagaaSafi. Hawakuingia. Nilichemka. Nimeshasema wanaanikwa kwenye chanja, unataka nini zaidi?

Ilitaka neno "tu". OWL haichukulii kwamba usichokisema hakipo. Nimesema chanja, sikusema hakuna mchanga, kwa hiyo yenyewe inabaki inajua kwamba huenda na mchangani wanaanikwa, ila hakuna aliyeitaja. Jedwali la kawaida la kompyuta lingenyamaza na kudhani kilichokosekana hakipo. Hii haidhani.

Nilipomweleza mama, hakushangaa hata kidogo. Alisema ndivyo mnunuzi anavyofanya. Muuzaji akisema "hawa wa chanja", mnunuzi haamini kwa kuwa mchanga haukutajwa. Anachota kiganja, anatafuna mmoja, anasikiliza kwenye meno. Mama yangu aliishia darasa la saba, na alilielewa kwenye simu jambo ambalo mimi lilinichukua siku mbili. Habari za sokoni ziache sokoni, alisema yule bwana. Soko lilikuwa linajua somo lake kuliko yeye.

Kuna na hili la majina, ambalo kwangu ndilo lililolipa kazi yote. Kila samaki anapewa kitambulisho kimoja kisichobadilika, kisha unambandika majina kwa lugha: dagaa kwa Kiswahili, omena kwa Kijaluo, mukene kwa Kiganda, na ndagala kwa Kirundi kwa yule wa Tanganyika. Anayetafuta kwa jina lake anampata samaki wake. Na OWL haidhani kwamba majina mawili ni lazima yawe vitu viwili, mpaka uiambie. Niliposoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga hewa. Miaka yote nimekuwa nikigombana na jedwali kwa jambo hilo hilo.

Kwa hiyo kama ni nyota, Protégé pamoja na ule mwongozo wa Manchester nawapa nne. Moja nainyima kwa sababu maneno yote ya kazi ni ya Kiingereza na mtu asiyekijua vizuri atateseka na "na" na "au" kuliko nilivyoteseka mimi. Hapana, ngoja, wape tano. Wamenipa bure kilichouzwa kwangu laki mbili na nusu, na alama yao ya kuuliza ilinijibu bila kunicheka. Mafunzo yale nilitaka kuyapa moja, kwa ajili ya kuniambia jina la programu. Nimeandika mpaka hapa, sikumbuki kingine nilichokipata kwao. Siwapi hata hiyo. Cheti wamenitumia ujumbe mara mbili nikakichukue, kwamba nimehitimu. Nimehitimu nini? Jumamosi ya nne sikuhudhuria.

Mdogo wangu nimemwambia asilipe. Aje kwangu Jumapili, tutaanza na mwongozo, na zoezi la chekundu tutalifanya la kwanza.

Kazi haijaisha. Wiki iliyopita nilimwonyesha mama skrini nikidhani atafurahi, akakaa kimya akipitia makundi kwa kidole, kisha akauliza, "Wa mvua umewaweka wapi?" Dagaa waliopigwa na mvua kabla hawajakauka hawaliwi na watu, wanauzwa chakula cha kuku, na bei yao ikiingia kwenye wastani inauvuta chini. Nilikuwa nimewasahau kabisa. Nikawaongeza pale pale, nikatangaza hawaingiliani na wa kuliwa, HermiT ikapita bila chekundu. Mama akatazama tena. "Na wale waliopata mvua ya jioni, wakaanikwa upya asubuhi, wakatoka wazuri?"

Wale bado sijajua pa kuwaweka. Nimemwomba aniambie mnunuzi anawatambuaje kwa mkono, nami nianzie hapo.