Koki ipi ununue kwa choo cha watu wengi? Nimezipanga kuanzia iliyo bora

Kwenye choo cha stendi, sokoni au msikitini, koki ya kuzungusha ina kasoro moja kubwa: mkono mchafu ndio unaoifungua, na mkono uliokwisha kunawa ndio unaoifunga. Uchafu uliouacha pale unauchukua tena, pamoja na wa aliyekutangulia. Kwa hiyo ukienda dukani jiulize jambo moja: mtu akishanawa, atagusa nini?

Ya kwanza kwangu ni koki ya kukanyaga. Wengi tuliizoea mwaka 2020 wakati wa korona, mafundi wa kuchomelea walipounda fremu za ndoo zenye pedali. Kenya, mtoto wa miaka 9 kutoka Bungoma alitunukiwa tuzo ya Rais kwa ile ya mbao aliyoibuni. Kwa choo cha kudumu, nunua yenye vali sakafuni, chini ya sinki. Haitaki umeme, na ukiondoa mguu maji yanakata. Kinachochoka ni springi na mpira wa ndani, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya koki, uliza kama springi yake inauzwa peke yake. Muuzaji akisitasita, nenda duka la pili. Pedali iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana sakafu ya choo hudekiwa kutwa.

Lakini mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kukanyaga. Sinki moja ishushwe, iwekewe koki ya kiwiko, ile yenye mkono mrefu tunayoiona hospitalini. Hili naomba lisiahirishwe kwa kisingizio cha bajeti.

Ya pili ni koki ya kubonyeza inayojifunga. Unaigusa, ndiyo, ila kabla ya kunawa, kufunga inajifunga. Pima muda wake hapohapo dukani. Shirika la Afya Duniani linashauri kunawa kwa sabuni, tangu mwanzo hadi mwisho, kuchukue sekunde 40 hadi 60. Koki inayokata baada ya sekunde 3 itamfanya mtu airudie akiwa katikati ya kusuuza, na faida yote imepotea. Chukua yenye skrubu ya kurekebisha muda.

Ya sensa, ile inayojifungua yenyewe ukiweka mikono chini yake, naiweka mwisho, ingawa ndiyo inayong'aa kuliko zote. Inahitaji betri au umeme, na vali yake ndogo huziba kwa mchanga na chumvi ya maji ya kisima. Presha nayo ni tatizo: simtanki lililo mita 5 juu ya koki linatoa takriban nusu baa tu, na koki nyingi za sensa hazitaki pungufu ya hapo. Isitoshe, mwaka 2011 watafiti wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, walikuta bakteria wa Legionella, wanaoweza kuleta homa ya mapafu, katika nusu ya sampuli za maji ya koki za sensa, dhidi ya asilimia 15 kwenye koki za kawaida. Walishuku vali zake zenye vijisehemu vingi.

Pasipo na bomba kabisa, kibuyu chirizi cha dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyaga kinatosha.

Ukishafunga koki, tazama mlango. Kitasa nacho hushikwa na mkono uliokwisha kunawa. Kwenye lango la masinki jenga ukuta wa kukinga macho badala ya mlango, kama viwanja vya ndege. Nafasi ikikosekana, mlango ufungukie nje ili mtu ausukume kwa bega.